Duka, Jina na Kitabu cha Ubatizo: Habari za Jamaa za Kiyahudi Katika Ujerumani



Watu wengi wa makanisa yetu huwajua Wayahudi kwa njia ya Maandiko tu. Wamjua Ibrahimu na Musa, Daudi na Danieli, tena wajua ya kuwa Bwana wetu, na mama yake, na Mitume wake, walikuwa wa taifa hilo. Walakini tukiwauliza wanafunzi darasani, “Wayahudi wa siku zetu wako wapi?” wengine hujibu ya kuwa wamekwisha, kama Wafilisti na Waamaleki walivyokwisha. Kwa sababu hiyo twaona vema kuandika mwezi huu habari za Wayahudi waliokaa katika nchi ya Ujerumani, watu wenye maduka na ng’ombe na watoto shuleni, na jinsi walivyonyang’anywa vyote: kwanza duka, kisha jina, kisha nyumba, na mwisho uhai. Twawaandikia hasa walimu na wenye nyumba, maana mambo haya hayakutendwa na askari peke yao. Yalitendwa pia na makarani, na walimu, na majirani waliopenda vitu rahisi, na hata na wachungaji waliokuwa na kalamu mkononi na kitabu cha ubatizo mezani.

Wayahudi walikuwako Ujerumani tangu zamani sana. Mwaka 321 Kaisari Konstantino alitoa amri iliyowataja Wayahudi wa mji wa Köln, ulio kando ya mto Rhine. Wako watu wasemao ya kuwa Myahudi hupenda biashara kwa tabia ya damu yake. Neno hilo si kweli. Kwa miaka mamia walikatazwa kumiliki mashamba katika sehemu nyingi za nchi, wala hawakupokewa katika vyama vya mafundi. Mtu asiye na shamba, wala ruhusa ya kushika randa na nyundo, atafanyaje ila kubeba mzigo mgongoni na kuuza vitambaa na vifungo kijiji kwa kijiji? Ndivyo wengi wao walivyokuwa wachuuzi. Hata mwaka 1871, dola ya Ujerumani ilipounganishwa, sheria iliwapa haki sawasawa na raia wengine. Ndipo wachuuzi wakafungua maduka, na wana wa wenye maduka wakasoma, wakawa madaktari na mawakili na walimu.

Katika vijiji vya Hessen na Baden na Bavaria, wachuuzi wa ng’ombe walikuwa Wayahudi kwa sehemu kubwa. Mkulima aliyefiwa na ng’ombe wake wa maziwa alimwendea mchuuzi, akapewa mwingine kwa mkopo, akalipa baada ya mavuno. Mchuuzi alijua hali ya kila zizi na kila mwenye zizi. Siku ya Sabato alifunga kazi, na mkulima naye alijua ya kuwa siku hiyo hakuna mashauri ya ng’ombe. Walikaa hivyo baba kwa mwana, ingawa kila mmoja alikuwa na nyumba yake ya sala.

Mijini yalikuwako maduka makubwa ambayo watu walisafiri kwenda kuyatazama. Nathan Israel alifungua duka lake la nguo mjini Berlin mwaka 1815, nalo likakaa mikononi mwa jamaa hiyo zaidi ya miaka 120. Jamaa ya Wertheim walianza na duka dogo katika mji wa pwani wa Stralsund mwaka 1875. Mwaka 1897 wakafungua Berlin jumba la biashara lenye orofa na ngazi na madirisha makubwa ya kioo, hata wageni walioufikia mji ule waliambiwa wasiondoke bila kuliona. Oscar Tietz alianza mwaka 1882 katika mji wa Gera, kwa fedha aliyopewa na mjomba wake aitwaye Hermann Tietz, na kwa heshima ya mjomba huyo akaandika jina lake mlangoni. Maduka haya yalileta desturi ambayo siku zile ilikuwa mpya kwa watu wengi: bei iliandikwa juu ya kila kitu, tajiri na maskini wakalipa sawasawa, wala hapakuwa na kuvutana. Tena mtu aliweza kuingia na kutazama tu, akatoka bila kununua, asitukanwe. Mke wa kibarua aliweza kushika kitambaa kile kile alichokishika mke wa jemadari. Sisi tunaojua taabu ya kupatana bei sokoni tangu asubuhi hata jua la utosi twaweza kufahamu kwa nini watu waliyapenda.

Vita vya mwaka 1914 vilipotokea, Wayahudi kama 100,000 walitumika katika jeshi la Ujerumani, na kama 12,000 wakafa. Waliorudi walitundika nishani zao ukutani, wakadhani ya kuwa shauri la uraia wao limekwisha kabisa.

Mwaka 1933 Wayahudi wa Ujerumani walikuwa kama nusu milioni tu, yaani hata mtu mmoja katika kila watu mia hakutimia, na thuluthi yao walikaa Berlin. Twataja hesabu hiyo kwa sababu chama cha Adolf Hitler kilikuwa kikihubiri mchana na usiku ya kuwa watu hao wachache ndio walioiangusha nchi vitani, ndio walioleta ukosefu wa kazi na njaa. Watu waliokuwa na njaa walipenda kusikia jina la mkosaji. Tarehe 30 Januari mwaka ule Hitler akawa waziri mkuu.

Tarehe 1 Aprili 1933, siku ya Jumamosi, askari wa chama wenye mashati ya kahawia walisimama katika milango ya maduka ya Wayahudi, nchi nzima, na mbao shingoni zenye maneno ya kuwaonya Wajerumani wasinunue humo. Madirisha yakapakwa rangi. Watu wengi walipita upande wa pili wa njia. Lakini mjini Berlin mama mmoja mzee, Bibi Julie Bonhoeffer, mwenye miaka kama 90, aliwapita wale askari kwa miguu yake, akaingia dukani, akanunua alichotaka, akatoka. Mjukuu wake, Mchungaji Dietrich Bonhoeffer, aliuawa na Wanazi mwaka 1945, na jina lake lajulikana katika makanisa mengi. Twaona jina la bibi yake nalo lafaa kujulikana.

Kazi ya siku ile moja ilikwisha jioni, lakini kazi ya kimya kimya iliendelea miaka 5. Katika miji mingi watumishi wa serikali walionywa wasiende kwa daktari Myahudi, wala wasinunue duka la Myahudi. Gazeti moja la chama lililojaa matusi lilibandikwa vibaoni njiani, nalo likachapisha majina ya Wakristo walioonekana wakinunua kwa Wayahudi, ili waaibike mbele ya wenzao. Wachumba maskini walipewa mkopo wa serikali wa kufungia ndoa, hata kufikia marki 1,000. Lakini hawakupewa fedha mkononi, walipewa hati za kununulia vyombo vya nyumba, na hati hizo hazikukubaliwa katika maduka ya Wayahudi. Basi kijana na mkewe walianza maisha yao kwa meza na kitanda, na ndani ya zawadi hiyo palikuwa na kisu cha kumkata jirani.

Kule vijijini mambo yalikwenda polepole zaidi. Polisi wa siri waliandika wakinung’unika ya kuwa wakulima wa Bavaria wangali wakifanya biashara ya ng’ombe na Wayahudi, kwa maana Myahudi alilipa vizuri na kungoja deni. Ilichukua miaka kadhaa ya vitisho kabla mazizi hayajafungwa kwao. Hatuwezi kusema ya kuwa wakulima wale walikuwa mashujaa. Wengi walitazama faida yao tu. Walakini faida yao ilikuwa na macho kuliko mahubiri ya chama.

Maduka makubwa nayo yalipokonywa. Mabenki yaliyowadai jamaa ya Tietz yalikubali kusaidia kwa sharti moja, ya kwamba wenye duka watoke. Wakatoka. Duka likaitwa Hertie, kwa kukata jina la Hermann na jina la Tietz na kuunga vipande viwili, ili jina la Kiyahudi lisisikike tena. Hata hivyo lilibaki mle ndani, mtu aliweza kulisoma kama alitaka. Georg Wertheim, aliyelijenga lile jumba la Berlin, alimwandikia mke wake hisa zake, kwa sababu mke si Myahudi. Haikumfaa. Aliondoka katika kazi yake mwenyewe, jina la jamaa yake likafutwa mlangoni, naye akafa siku ya mwisho ya mwaka 1939.

Mwaka 1933 Wayahudi walikuwa na maduka na karakana na kazi za biashara kama 100,000. Kufika mwaka 1938, thuluthi mbili zilikuwa zimefungwa au kuuzwa. Na tukisema kuuzwa, msifikiri mauzo ya haki. Mara nyingi mwenye duka alipata sehemu 20 au 30 tu katika kila 100 za thamani yake, maana mnunuzi alijua ya kuwa mwenzake hana budi. Mwenye kukumbuka habari za Ahabu na shamba la mizabibu la Nabothi atajua sura ya jambo hili. Nabothi hakuibiwa usiku. Ziliandikwa barua, zikatiwa muhuri, wazee wa mji wakaitwa wakae, mashahidi wakasimamishwa, yote kwa utaratibu. Kisha mfalme akashuka kulitwaa shamba. Katika Ujerumani akina Ahabu walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa na viti vyao kanisani.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo sisi tunaotunza vitabu vya ubatizo hatuwezi kulipita upesi.

Tarehe 7 Aprili 1933 ilitolewa sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika kazi za serikali, na walimu wa shule walihesabiwa humo. Kila mtumishi akatakiwa kuonyesha wazazi wake ni nani na babu na bibi zake ni nani. Tarehe 15 Septemba 1935 zilitangazwa mjini Nürnberg sheria nyingine, zilizowaondolea Wayahudi uraia na kukataza ndoa kati yao na Wajerumani wengine. Maelezo yaliyofuata yalisema ya kuwa mtu mwenye babu na bibi 3 au 4 Wayahudi ni Myahudi, hata kama yeye mwenyewe alibatizwa akiwa mtoto mchanga, hata kama alikuwa mzee wa kanisa. Angalieni neno hili. Wanazi walisema ya kuwa si shauri la dini, ni shauri la damu. Lakini damu haina maandishi. Hapana daktari aliyeweza kuitazama na kusema, “Hii ni ya Kiyahudi.” Basi walitambuaje? Waliuliza babu alisali wapi. Na ili kujua babu alisali wapi, walivijia vitabu vya kanisa.

Kitabu cha ubatizo huandikwa kwa furaha. Sisi twaandika jina jipya, jina la baba na mama, siku, majina ya wasimamizi, na kila mstari ni ushahidi ya kuwa mtu huyu ameingia nyumbani mwa Baba. Katika Ujerumani ya siku zile wachungaji na makarani wa parokia walikaa wakinakili mistari hiyo kwa maelfu na maelfu, ili watu wapate hati ya kuonyesha ya kuwa hawana babu Myahudi. Waliofanya hivyo wengi waliona ni kazi ya karani tu. Lakini hati iliyomfungulia mmoja mlango ilimfungia mwingine, kwa kuwa aliyeikosa alijulikana kwa kuikosa. Mjini Berlin jambo lilikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 1936 ilikuwako ofisi ya kanisa iliyokusanya vitabu vya parokia za mji wa kale, chini ya mchungaji aitwaye Karl Themel. Humo vitabu vilipekuliwa, na Wayahudi waliobatizwa wakaandikiwa kadi zao, zaidi ya 2,000, na habari zikapelekwa kwa wenye amri. Kanisa liliwatafuta watoto wake katika kitabu chake, likawatoa.

Kabla ya hapo, Septemba 1933, sinodi ya kanisa la Prussia ilikuwa imekwisha kuamua ya kuwa mchungaji mwenye asili ya Kiyahudi, au mwenye mke wa asili hiyo, asipewe kazi. Mchungaji Martin Niemöller akaanzisha chama cha wachungaji wa kukataa neno hilo, na maelfu wakajiunga naye. Twawashukuru. Lakini twalazimika kuandika pia ya kuwa wengi wao walimtetea Myahudi aliyebatizwa tu, na Myahudi wa sinagogi wakamwacha njiani, kama wale wawili waliompita mtu aliyeangukia kwa wanyang’anyi. Na Desemba 1941 viongozi wa makanisa 7 ya Kiprotestanti ya majimbo waliandika waziwazi ya kuwa Wakristo wa asili ya Kiyahudi hawana nafasi wala haki kanisani mwao. Ninyi mliobatizwa mkiwa watu wazima, mliosimama mbele ya kanisa na kuambiwa ya kuwa sasa ni wa nyumba moja na watu wa mataifa yote, fikirini maana ya barua hiyo kwa mtu aliyebatizwa miaka 30 iliyopita.

Sheria zile za mwaka 1935 ziliwashika na watu wa rangi yetu. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, aliyekuwa askari mtoto katika jeshi la Wajerumani, alikaa Berlin na kusaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya kuwa na mwanamke wa Kizungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila hukumu, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Turudi kwenye maduka. Katika mwaka 1938 amri zilianguka kama mvua ya masika. Mwezi wa Aprili kila Myahudi mwenye mali ya zaidi ya marki 5,000 aliamriwa kuiandikisha. Serikali ilitaka kujua kilichomo ghalani kabla ya kuvunja mlango. Mwezi wa Agosti iliamriwa ya kuwa kila mwanamume Myahudi asiye na jina la Kiyahudi lijulikanalo aongezewe jina la Israel, na kila mwanamke la Sara. Jina la Yakobo alilopewa alfajiri baada ya kushindana mweleka, na jina la mama wa ahadi, yakafanywa alama ya dharau. Mwezi wa Oktoba vyeti vyao vya kusafiria vikapigwa muhuri wa herufi J.

Mwishoni mwa mwezi huo Wayahudi wa asili ya Poland, wapata 17,000, walikusanywa wakasukumwa mpakani. Katika hao walikuwamo wazazi wa kijana mmoja wa miaka 17, Herschel Grynszpan, aliyekuwa Paris. Tarehe 7 Novemba alimpiga risasi mtumishi mmoja wa ubalozi wa Ujerumani, akafa siku mbili baadaye. Wakuu wa chama wakaona wamepata sababu. Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Novemba 1938 masinagogi zaidi ya 1,000 yalichomwa au kuharibiwa, maduka kama 7,500 yakavunjwa, watu wakauawa, na wanaume kama 30,000 wakapelekwa kambini Dachau, Buchenwald na Sachsenhausen. Wazima moto walisimama na mipira ya maji, si kwa kuzima masinagogi, bali kwa kulinda nyumba za jirani. Asubuhi watoto walipita vioo wakienda shule, na walimu wengine waliwapeleka wanafunzi wao kutazama.

Mwisho wa jambo hilo ulikuwa wa ajabu kuliko mwanzo wake. Wayahudi walitozwa faini ya marki milioni elfu moja kwa madhara waliyotendewa. Waliamriwa kutengeneza madirisha kwa gharama yao wenyewe, na fedha ya bima ikachukuliwa na serikali. Tangu tarehe 1 Januari 1939 wakakatazwa kabisa kushika duka au kazi ya ufundi. Duka la jamaa ya Israel mjini Berlin, lililovunjwa usiku ule, likapita mikononi mwa watu wengine mwezi wa Februari.

Walionena walikuwa wachache, nasi twaweza kuwataja. Tarehe 16 Novemba, siku ya toba, Mchungaji Julius von Jan wa kijiji cha Oberlenningen alihubiri wazi juu ya nyumba za ibada zilizochomwa na watu walionyang’anywa mali. Siku chache baadaye kundi la watu lilimpiga vibaya, kisha akafungwa. Hukumu yake ilikuwa miezi 16. Katika Berlin, Padre Bernhard Lichtenberg wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Hedwig alianza kuwaombea Wayahudi kila jioni kwa sauti, mbele ya watu wote, naye akaendelea hata mwaka 1941, aliposhitakiwa na wanafunzi wawili waliomsikia. Alifia njiani akipelekwa Dachau, Novemba 1943.

Mwalimu mmoja, Bibi Elisabeth Schmitz, alikuwa akifundisha dini, historia na Kijerumani katika shule ya wasichana Berlin. Mwaka 1935 aliandika waraka mrefu juu ya mateso ya Wayahudi: jinsi watoto walivyoimbiwa nyimbo za matusi shuleni, jinsi wazee walivyokosa kuuziwa chakula. Akauliza kanisa limenyamaza kwa nini. Alinakili kama nakala 200 kwa mikono yake, bila jina, akazitoa kwa viongozi wa kanisa. Waraka haukujadiliwa sinodini. Baada ya ule usiku wa Novemba 1938 aliomba kuacha kazi, akaeleza ya kuwa hawezi kufundisha masomo yake jinsi dola ile inavyotaka. Hakuwa na mume wa kumlisha. Alikuwa na miaka 45. Ninyi walimu mwajua mshahara ni kitu gani. Vita ilipokuja aliwaficha watu nyumbani kwake.

Wayahudi wengi walitaka kuhama, lakini kuhama kulikuwa na bei yake. Mwenye mali alitozwa robo kwa kodi ya kuondoka, na iliyobaki ilizuiliwa benki na kubadilishwa kwa hasara kubwa, hata mtu aliyekuwa tajiri akapanda meli na marki 10 mfukoni. Tena nchi zipi zingewapokea? Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Evian katika Ufaransa, wakasikitika, wakarudi kwao, na milango ikabaki karibu kama ilivyokuwa. Hata hivyo hadi vita kuanza mwaka 1939 zaidi ya nusu ya Wayahudi wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kutoka. Wachache walifika Kenya. Stefanie Zweig alikuja huko na mama yake mwaka 1938 akiwa mtoto wa miaka 5. Baba yake, aliyekuwa wakili, alikwisha kutangulia, akawa msimamizi wa shamba la Mzungu. Vita ilipoanza Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani, yeye aliyefukuzwa kwa kutohesabiwa Mjerumani. Binti yake alikua akisema Kiswahili, na mwaka 1995 akatoa kitabu juu ya maisha yale.

Wilfrid Israel, wa mwisho kulishika lile duka la mwaka 1815, alikuwa na uraia wa Uingereza na aliweza kuondoka mapema. Alikaa hata mwaka 1939, akisaidia watu wake kupata hati, na akawa mmoja wa walioshughulika na safari za watoto kwenda Uingereza. Watoto karibu 10,000 wa Ujerumani na nchi jirani waliokolewa hivyo, wakisafiri bila baba wala mama. Wengi hawakuwaona tena. Yeye mwenyewe alikufa tarehe 1 Juni 1943, ndege aliyopanda kutoka Lisbon ilipoangushwa baharini na ndege za Wajerumani, akirudi kutoka safari ya kuwatafutia wakimbizi vyeti.

Tangu Septemba 1941 waliobaki walishona nyota ya manjano kifuani, na mwezi uliofuata magari ya moshi yakaanza kuwapeleka mashariki. Kabla ya kwenda, kila mtu alipewa karatasi yenye kurasa 16 ya kuandika mali yake: vitanda vingapi, shuka ngapi, vijiko vingapi, mazulia, vitabu, nguo za ndani. Wazee waliandika kwa mwandiko mzuri waliofundishwa shuleni. Amri ya Novemba mwaka ule ilisema ya kuwa Myahudi akivuka mpaka, mali yake yote ni ya dola. Basi walivushwa mpaka kwa nguvu, wakahesabiwa wameacha mali. Kisha wenye mnada walikuja, na vitu vikauzwa hadharani. Majirani walikuja kununua masufuria na mablanketi ambayo labda walikuwa wakiyaona kila siku dirishani. Hatuwezi kueleza jinsi mama wa nyumba alivyopika katika sufuria ile.

Februari 1943 Wayahudi wa Berlin waliobaki kazini walikamatwa, na katika hao wanaume waliooa wake wasio Wayahudi walifungiwa katika nyumba moja njia ya Rosenstrasse. Wake zao wakaja, wakasimama njiani katika baridi siku baada ya siku, wakiita waume wao warudishwe. Karibu wote walifunguliwa.

Katika Wayahudi wa Ujerumani waliuawa kati ya 160,000 na 180,000. Na katika Ulaya yote kama milioni 6.

Baada ya vita jina la Wertheim lilirudi katika maduka, lakini si mikononi mwa jamaa ile. Warithi walishitaki kwa ajili ya ardhi za Berlin, na mwaka 2007 kampuni iliyokuwa imezipata ilikubali kulipa euro milioni 88. Njiani, mbele ya milango ya nyumba zile, vimewekwa vijiwe vidogo vya shaba vyenye majina, na katika Ulaya vimepita 100,000. Kimoja mjini Berlin chaandikwa jina la Husen wa Dar es Salaam.

Bibi Schmitz alirudi kufundisha katika mji wa kwao, Hanau, asiseme neno juu ya waraka wake. Watu walidhani uliandikwa na mwanamke mwingine. Alipozikwa mwaka 1977 walikuja watu wachache sana. Mwaka 1999 mmoja wa waliokuwa wanafunzi wake alieleza kwa maandishi ni nani aliyeuandika, na mwaka 2004 palionekana mkoba wake wa ngozi katika ghala ya chini ya jengo la kanisa huko Hanau, na ndani yake waraka ule kwa mwandiko wa mkono wake.